Vakyumu ya Mama Runji

Kwa miaka ishirini na mitatu ya ndoa yao, Kagwiria hakuwahi kumwona mumewe akishika ufagio. Hakulalamika. Alipoolewa kutoka Muthara akaja kuishi na Ndwiga mjini Embu, alijua anaolewa na mwanamume wa Kianjokoma, aliyelelewa na mama aliyekuwa akifagia uwanja kabla watoto hawajaamka, na akaona hivyo ndivyo mambo yalivyo. Ndwiga hakuwa mlevi. Hakuwa mtu wa kelele. Ila akitaka kukata karatasi aliita, "Mama Runji, makasi huwa yanakaa wapi?" na akimwaga chai alisimama akaitazama ikisambaa, kama mtu anayetazama mto wa kijiji kingine ukifurika.

Kagwiria alikuwa mwalimu wa darasa la nne, mwanamke mfupi mwenye nywele alizozinyoa karibu kabisa na kichwa tangu siku za chuo cha ualimu. Mgongo wake ulikuwa mzima hadi mwezi wa tisa mwaka jana. Siku moja aliinama darasani kuokota chaki, akashindwa kuinuka. Watoto walicheka wakidhani mwalimu anafanya mchezo, kisha wakanyamaza. Daktari alimpiga picha, akamwonyesha pingili mbili za uti wa mgongo zilivyominyana, akamwambia asahau mambo ya kuinama.

"Ufagio na tambara la deki, mwalimu, hivyo sasa ni vya watu wengine."

"Watu gani?" Kagwiria aliuliza. Daktari alicheka. Kagwiria hakuwa anatania. Mtoto wao wa pekee, Runji, alikuwa chuoni Eldoret, na nyumbani walibaki wawili.

Na kama kwa kumkejeli, mwaka huohuo walikuwa wameng'oa sakafu ya zamani ya simiti nyekundu katika nyumba yao kwenye mtaa wa Dallas, palepale Embu, wakaweka vigae vyeupe kutoka sebuleni hadi jikoni. Vilipendeza sana siku ya kwanza. Siku ya pili Kagwiria aligundua kwamba vigae vyeupe havina huruma. Kila punje ya mchele ilionekana, kila chembe ya udongo mwekundu iliyoingia na kiatu. Ufagio ulikuwa unahamisha tu vumbi kutoka upande huu hadi ule, nalo likitulia linarudi palepale.

Basi akaamua kununua mashine ya kufyonza vumbi. Alilishika jambo hilo kama anavyoandaa somo. Aliuliza walimu wenzake, akasoma kwenye simu, kisha akaandika katika daftari la mazoezi: Isiwe nzito. Mkono uwe mrefu nisiiname. Magurudumu yawe ya mpira yasikwaruze vigae. Brashi iwe laini. Isilifyonze vumbi mbele ikalitoa nyuma.

"Nunua unayotaka," Ndwiga alimwambia bila kuinua macho kutoka kwenye simu. Lakini mtu wa kubeba boksi alihitajika, na kwa vile ilikuwa likizo ya Aprili, siku ya Jumatatu wakaenda pamoja. Jumatatu na Jumanne ndizo siku Ndwiga alizokuwa nyumbani kutwa. Alifanya kazi na kampuni ya mbolea na mbegu, na kwa miaka mitatu sasa alikuwa akilala Meru kuanzia Jumatano hadi Jumamosi, kwa sababu stoo yao kubwa ilikuwa huko, Gakoromone.

Duka lilikuwa la Rahema, binti wa familia ya Kiislamu iliyouza vyombo vya umeme Embu tangu enzi za babu yake. Kaka yake, Abdi, alisimamia duka lao lingine Meru. Rahema alikuwa amefundishwa na Kagwiria darasa la nne, na mpaka leo akimwona alisimama.

"Karibu, Mwalimu. Karibu, mzee. Leo nawasaidia na nini?"

Kagwiria alimpa daftari. Rahema alisoma, akatabasamu. "Mwalimu, umenirahisishia kazi. Kwa tailisi, hivyo vigae vyako, na huo mgongo, mimi ningekupatia hii." Akashusha mashine nyembamba iliyoning'inia ukutani kama mwavuli, ya betri, isiyo na waya. Akamwaga konzi moja ya mchele sakafuni kwa makusudi. Kagwiria akaisukuma mashine, na punje zikatoweka moja baada ya nyingine bila yeye kukunja kiuno hata kidogo. Akajikuta anacheka peke yake. Miezi mingi ilikuwa imepita tangu asafishe kitu bila kuuma meno.

"Hiyo achana nayo," Ndwiga alisema.

Alikuwa amesimama mlangoni na simu yake. Sasa aliitia mfukoni akaingia ndani.

"Betri za hizo huchoka haraka. Inakuachia uchafu katikati ya nyumba. Chukua ya waya." Akaenda moja kwa moja hadi kwenye mashine ya mviringo iliyokaa chini kama kobe, yenye mpira mrefu. Akabonyeza mahali kwa kidole gumba bila kutazama, na kichwa cha brashi kikachomoka. "Hii brashi ya kuzunguka ni ya zulia. Kwa tailisi unaitoa. Ukiiacha inarusha punje, unakimbizana nazo nyumba nzima. Unaweka hii nyingine ya nywele laini. Tena hii ya kuzunguka inasokota nywele ndani, hasa hizi za rasta. Utakaa hapo na makasi nusu saa." Akafungua tumbo la mashine. "Na hii filta unaiosha na maji baridi, halafu unaiacha ikauke siku nzima. Ukiirudisha na unyevu, nyumba inanuka mbwa."

Rahema akapiga makofi. "Ai, mzee! Wewe uje uniuzie hapa. Wanaume wengine wakiingia wanauliza bei tu."

Kagwiria naye alicheka. Kwanza aliona fahari, jinsi mke anavyoona fahari mume wake anaposifiwa mbele za watu. Kisha mkono wake ulipanda wenyewe hadi kichwani, ukapapasa nywele zake fupi. Nywele za rasta? Nyumbani kwao hakukuwa na mtu wa rasta.

"Umeyajulia wapi haya yote?" aliuliza, tabasamu likiwa bado usoni.

"Si nimeona kwenye simu," Ndwiga alisema. "Watu huonyesha."

Wakaichukua ya waya. Rahema akataka nambari ya simu kwa ajili ya waranti, Ndwiga akaitaja haraka, huku akiangalia gari nje. Rahema akaiandika kwenye kompyuta, kisha uso wake ukachangamka.

"Kumbe ni mteja wetu! Mzee, mbona hukusema? Mwaka jana mwezi wa nane ulinunua hiihii kwa Abdi. Tena tulikupelekea mpaka mlangoni. Makutano, nyumba za geti la bluu, nambari sita." Akainua kichwa kwa furaha. "Basi wewe ni wa nyumbani, lazima nikupunguzie."

Feni ya dukani iliendelea kuzunguka.

"Hiyo ilikuwa ya ofisi," Ndwiga alisema.

Kagwiria alikuwa amefika ofisini kwake. Ilikuwa stoo yenye magunia yaliyopangwa hadi darini, na sakafu ya simiti iliyokwaruzika, ambayo mlinzi aliifagia kwa matawi. Haikuwa Makutano. Alijua hayo yote, na alijua kwamba mumewe anajua anayajua. Rahema alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, vidole vyake vikasimama juu ya kompyuta.

"Ooh. Ya ofisi," alisema polepole. "Sawa." Na hakuinua macho tena mpaka walipotoka.

Garini Ndwiga aliongea kuliko kawaida yake. Aliongea habari za mvua, akaongea habari za kahawa, akaongea habari za Runji na masomo yake. Kagwiria aliitikia mahali palipohitaji kuitikiwa.

Hakumwuliza kitu. Alijiambia anangoja wakati mzuri, lakini ukweli ni kwamba swali likishatoka mdomoni haliwezi kurudishwa, na kwa siku hizo chache alitaka bado kuwa mke aliyenunuliwa mashine na mumewe. Aliitumia kila asubuhi. Ilifyonza vizuri. Ila ilikuwa nzito, na kila akiivuta kupita mlango wa jikoni alihisi kisu kidogo kiunoni, na kuizima ilibidi ainame.

Jumatano Ndwiga aliondoka na mashati matano aliyopigiwa pasi. Ijumaa akapiga simu: kuna mzigo mkubwa unaingia, atarudi Jumatatu.

"Sawa," Kagwiria alisema. "Mimi pia kesho nataka kufika Muthara, nimwone Ntinyari." Ntinyari alikuwa dada yake mdogo.

"Msalimie. Na uchunge huo mgongo."

Katika mambo yote, hilo la mgongo ndilo lililomuuma zaidi baadaye, kwa sababu alilisema kwa upole wa kweli.

Jumamosi asubuhi, saa nne hivi, alishuka Makutano, mjini Meru. Aliuliza kwa mama aliyeuza ndizi, akaonyeshwa geti la bluu bila shida. Ndani kulikuwa na nyumba zilizopangana pande mbili, nguo zimeanikwa katikati. Alikuwa bado nambari nne alipousikia mlio. Aliujua. Wiki nzima alikuwa ameusikia kwake, unavyopanda brashi ikiwa juu ya kigae na unavyozama ikipita juu ya mkeka.

Mlango wa nambari sita ulikuwa wazi na viti vimetolewa nje. Ndani alikuwa Ndwiga, miguu mitupu, suruali ameikunja hadi magotini. Mkono mmoja ulishika mpira wa mashine, na mwingine ulimbeba mtoto wa kike wa kama mwaka mmoja na nusu, aliyecheka kila mashine ilipounguruma. Ndwiga alisogeza meza kwa goti. Akaingiza brashi chini ya kabati, akainama akachungulia, akaingiza tena. Alifika kwenye kona. Alienda hatua mbili mbele, moja nyuma, bila haraka, kwa utaratibu wa mtu anayeipenda nyumba yake.

Kagwiria alikuwa amejiandaa kuona mwanamke. Njia nzima kutoka Embu alikuwa akimwona akilini, akimvalisha nguo hizi na hizi, akimpa umri. Kwa hili hakuwa amejiandaa. Alisimama pale kizingitini akamtazama mume wake akisafisha sakafu, na akaona kwamba amekuwa akiishi miaka ishirini na mitatu na mtu asiyemjua.

Mwanamke akatoka jikoni akipangusa mikono kwenye leso. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, rasta zake ndefu amezifunga kisogoni. Alimwona Kagwiria, akamkaribisha kwa Kimeru kwa adabu, kama mtu anavyomkaribisha mgeni aliyemzidi umri. Kisha akageuka ndani akapaza sauti kuushinda mlio.

"Baba Wambeti! Zima hiyo kitu kwanza, kuna mgeni na hatusikizani!"

Baba Wambeti.

Kwa Waembu mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu yake wa upande wa baba, na wa kike jina la nyanya. Ndiyo sababu Runji aliitwa Runji. Na Wambeti lilikuwa jina la mama yake Ndwiga, kule Kianjokoma. Miaka kumi na saba iliyopita Kagwiria alizaa mtoto wa kike kabla ya wakati wake, miezi saba. Mtoto aliishi kuanzia asubuhi hadi alasiri. Katika saa hizo chache aliitwa Wambeti na watu watatu: mama yake, baba yake na nyanya yake. Mimba nyingine mbili zilizofuata hazikufika mahali pa kupewa jina.

Ndwiga aligeuka. Alimwona. Hakuizima mashine, aliishika tu ikaendelea kuunguruma mahali pamoja, ikifyonza kigae kilichokwisha kuwa safi. Ni yule mwanamke aliyeenda ukutani akachomoa waya.

"Mimi ni Mama Runji," Kagwiria alisema.

Mwanamke aliganda na waya mkononi. "Wa Embu?"

"Wa Embu."

"Lakini aliniambia mliachana." Alimtazama Ndwiga, kisha Kagwiria, kisha tena Ndwiga. "Baba Wambeti, si uliniambia mliachana? Ulisema ile nyumba ni ya kijana, wewe unaenda tu kuiangalia."

"Kathambi, ngoja," Ndwiga alisema.

"Hilo shati alilovaa," Kagwiria alisema, "nimelipiga pasi Jumanne." Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayejibu swali la njia. Kathambi akakaa chini palepale kwenye kigae, leso imemfunika magoti, na mtoto akaanza kulia akimnyooshea mikono.

Kagwiria alikuwa na maneno mengi. Alikuwa ameyapanga. Yote yalimtoka akilini akabakiwa na swali moja.

"Mama wa Kianjokoma anajua?"

Ndwiga alimhamisha mtoto kutoka mkono huu hadi ule. Akatazama chini.

"Nimesikia," Kagwiria alisema, na akageuka akatoka kwenye lile geti.

Hakufika Muthara. Kesho yake, kengele za kanisa zikilia mjini, alikuwa kwenye barabara ya kwenda Kianjokoma.

Mama mkwe wake alikuwa amekaa juani kwenye kiti kifupi mlangoni mwa jiko, mgongo kwenye ukuta, majani chai yakiwa yametanda kijani mpaka chini kwenye mto. Alikuwa na umri wa miaka themanini na mitatu. Kila baada ya wiki mbili Kagwiria alikuja na mafuta ya kupaka, akamwosha nywele, akamkata kucha, wakacheka habari za majirani. Mama yake mwenyewe alikufa Runji akiwa mchanga; tangu hapo akisema "mama", alimaanisha huyu.

"Amenipigia simu," mama mkwe alisema kabla hajakaa.

"Basi sina la kukueleza."

"Huna."

Kuku alipita kati yao akichakura. Kagwiria alivuta kigoda, akakikalia polepole kwa sababu ya mgongo.

"Ulimshika yule mtoto?"

"Nilimshika."

"Lini?"

"Akiwa na miezi mitatu. Walimleta hapa, alilala kwenye kitanda changu." Mama mkwe hakuficha kitu, hakuwa na nguvu za kuficha. "Ile Jumamosi nilikuambia usije, kwamba akina mama wa kanisa wanakuja kuniombea."

Kagwiria aliikumbuka. Alikuwa ameshanunua mafuta na sukari. Alimpa kijana wa jirani avipeleke, na akaomba msamaha kwa simu kwamba hakufika.

"Jina lile lilikuwa na mwenyewe, mama."

"Najua. Ni mimi niliyemwosha. Ni mimi niliyemfunga kwa shuka."

"Basi ungekataa."

"Ningekataa na nini?" Macho ya mama mkwe yalikuwa yamejaa maji, lakini sauti yake ilikuwa kavu. "Wenzangu wote jina lao linaitwa uwanjani. Mtoto anaitwa aje ale, anaitwa aache kucheza na matope. Langu liliitwa siku moja tu likanyamaza. Waliponiletea yule wakasema huyu ni Wambeti, niliona ubaya wake, usidhani sikuuona. Nilikufikiria wewe. Lakini mikono yangu ilikuwa imeshamchukua."

Kagwiria alitaka kukasirika. Angemkasirikia Ndwiga na hasira hiyo ingemsaidia kusimama. Lakini kumkasirikia kikongwe huyu kulimshinda, na kumsamehe pia kulimshinda. Hakujua kitu kingine cha kufanya pale, kwa hiyo akafungua mkoba, akatoa kikata kucha, akauchukua mkono wa kulia wa mama mkwe akauweka juu ya goti lake. Alikata kucha moja moja kama siku zote. Machozi yalikuwa yanaangukia vidole vya yule mama, na mama hakuupangusa mkono. Alipomaliza wa kulia alinyoosha mkono achukue wa kushoto, akashindwa. Alirudisha kikata kucha mkobani, akainuka akishikilia ukuta, akaondoka.

Ndwiga alikuja Jumatatu. Alisema mengi, na baadhi yake huenda yalikuwa kweli. Alisema ilianza kama mchezo, kisha mtoto akaja, naye akashindwa kukata kamba upande wowote. Alisema kule hakukuwa na aliyemzoea, kwa hiyo alijikuta anafanya vitu ambavyo hakuwahi kufanya. Mtoto alikuwa na kifua kibaya, daktari akasema vumbi lipunguzwe, akanunua mashine. Kagwiria alisikiliza. Kisha Ndwiga aliinuka akaiendea ile vakyumu iliyokuwa kwenye kona, akachomeka waya, akabadilisha brashi, akaanza kusafisha sebule. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao. Alisogeza kiti. Akainama chini ya meza. Aliifanya kazi vizuri sana.

"Zima," Kagwiria alisema.

"Niache nikusaidie. Naweza, Mama Runji. Kuanzia leo—"

"Najua unaweza. Hilo ndilo linaloniua."

Akaizima. Wakasimama pande mbili za sebule nyeupe, nusu yake ikiwa safi. Wakati ule mgongo wake unakatika darasani, mwanamume huyu alikuwa anajua kufyonza vumbi. Wakati anatambaa jikoni na tambara usiku wa kuamkia Krismasi, alikuwa anajua. Aliona tu hakuna haja ya kujua akiwa hapa.

"Chukua nguo zako," alimwambia.

Wazee walikutana mara mbili, mara ya kwanza Kianjokoma, mara ya pili nyumbani kwa mjomba wake Kagwiria. Waliongea vizuri na hawakumaliza kitu. Runji alikuja kutoka chuoni na hasira ya kijana, akataka kwenda Meru kumtoa baba yake nje ya lile geti. Kagwiria akamkataza. "Kule kuna mtoto mdogo," alimwambia. "Usimtishe." Baadaye Kathambi alimpigia simu, mara moja tu. Alisema amemwambia Ndwiga atafute pa kulala kwingine, kwamba mtu akiweza kuizika nyumba iliyo hai ataweza kuizika na yake. Ndwiga akapanga chumba kimoja karibu na stoo, Gakoromone. Kagwiria alipoambiwa alingoja aone kama atafurahi. Furaha haikuja.

Mwezi wa tano alimwomba mwalimu mwenzake amsaidie kuibeba mashine hadi kwa Rahema. Rahema alipowaona alitoka nyuma ya kaunta, macho yamejaa aibu.

"Mwalimu, ni mdomo wangu. Laiti siku ile ningenyamaza."

"Mdomo wako haukununua kitu, mwanangu. Ulisoma kilichoandikwa, kama nilivyokufundisha."

Rahema alicheka na kulia kwa pamoja. Aliipokea ile ya waya bila kuuliza risiti. Aliishusha ile nyembamba ya ukutani, ya betri, akamwonyesha upya jinsi ya kumwaga taka kwa kubonyeza tu. Kagwiria aliishika. Ilikuwa nyepesi kama alivyoikumbuka. Aliisukuma kidogo na kurudi, akaona ndiyo iliyomfaa tangu mwanzo, na kwamba alikuwa amelijua hilo, ameliandika kwa mkono wake, kisha akakubali kuambiwa vingine kwa sababu aliyemwambia alionekana anajua.

Jumamosi moja ya Juni alikuwa anasafisha jikoni. Hakukuwa na uchafu wa maana. Mtu mmoja hachafui nyumba. Alipozima mashine aliona simu mezani inawaka: mama mkwe alikuwa amepiga mara tatu. Tangu siku ile ya kucha hawakuwa wamesikiana sauti. Alikaa. Alipanga asipige. Kisha akapiga.

"Umekula?" ile sauti ya zamani ilimwuliza.

"Nimekula, mama. Nyinyi huko?"

"Tumekula. Maharagwe yamekubali mwaka huu."

"Ni vizuri. Hapa baridi imeingia."

"Hata hapa. Asubuhi hatuoni mlima."

Wakaongea habari za ng'ombe wa jirani na bei ya majani chai. Kila mmoja alisikia mahali ambapo mwenzake alikuwa karibu kusema kitu na akapita kando. Kisha mama mkwe akanyamaza, na katika ule ukimya Kagwiria akasikia pumzi yake ikikatika, mara moja, mara mbili, akajua analia na ameiweka simu mbali na mdomo ili asisikike. Kagwiria hakumwambia anyamaze. Hakumwambia amemsamehe, kwa sababu hakuwa amemsamehe. Aliegemea ukuta wa jikoni, akaibana simu sikioni, akakaa naye hivyo, mpaka salio lilipoisha na laini ikakatika.